Mzee wa Keya tuliyempaka piko

Kuna picha moja ya Tsawe ambayo sijawahi kuiweka popote. Ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba ya shangazi, taulo mabegani, na shangazi anampaka piko kichwani. Tsawe anatazama mbele tu, kama mtu aliye kwenye gwaride. Alikuwa na miaka tisini na kitu. Hakuwa anaenda harusi. Tulikuwa tunazificha mvi zake ili asiuawe.

Kwa wasiojua, tsawe ni babu kwa Kigiriama. Jina lake sitaliandika, familia imeniomba hivyo, na wanaomjua washamjua. Lakini maisha yake nitayasema. Manake nimechoka kuona sisi watu wa Kilifi tukipiga kelele kila Agosti kuhusu historia yetu, halafu wenye historia yenyewe tunawaangalia kwa jicho la pembeni.

Tsawe alizaliwa ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Marafa, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kitambulisho kinasema tarehe 1 Januari, kama wazee wengi wa rika lake ambao karani aliwatazama usoni akakisia. Yeye mwenyewe alihesabu umri wake kwa njia nyingine. Alikuwa akisema alizaliwa "watu waliporudi ng'ambo."

Waliporudi kutoka wapi? Hapa lazima turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1913 Waingereza walitaka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi kwenye mashamba na miradi yao, na walitaka kodi ya nyumba. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane ambaye hakuwa kijana tena, akazunguka akiwaambia watu wasitoe watoto wao. Yeye na Mzee Wanje wa Mwadorikola wakawalisha watu kiapo. Mwezi wa Oktoba 1913 wakakamatwa, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata wakatoroka na kurudi pwani. Agosti 1914, wakati ule ule ambao Ulaya ilikuwa inaingia vitani, serikali ikailipua kaya kuu ya Wagiriama kwa baruti. Vita vikaanza. Nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa kwa maelfu, watu wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kuamriwa watoe vibarua 1,000. Na waliokuwa wakiishi kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa wavuke mto, waache mashamba yao mazuri ya mahindi. Ilichukua miaka kabla ya kuruhusiwa kurudi.

Baba yake Tsawe alikuwa mmoja wa waliofukuzwa. Na waliokuja na bunduki kuwafukuza walikuwa askari wa King's African Rifles. Wazee wetu waliwaita Keya.

Shikilia hapo neno hilo, Keya. Manake mwaka 1942 Tsawe, kijana wa miaka ishirini hivi, alivaa sare ya Keya.

Niliwahi kumuuliza, nikiwa na ujeuri wa mtu aliyetoka kusoma historia shuleni: "Tsawe, mbona uliwatumikia waliochoma nyumba ya baba yako?" Alinitazama kwa muda. Kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mke wake siku zote, na siku hiyo pia alianza hivyo hivyo: "Mke wangu, wewe wadhani kulikuwa na mlango mwingine?"

Na kusema ukweli haukuwepo. Kodi ilikuwa ile ile. Kuanzia 1942 serikali ilikuwa ikiwakamata watu kwa nguvu kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, mkonge ukiwemo, kwa sababu Mjapani alikuwa ameshateka nchi za mashariki zilizokuwa zikitoa nyuzi. Chifu akishaandika jina lako, ni jeshi au ni mkonge. Tena vita vyenyewe vilikuwa vimeshabisha hodi hapa kwetu. Oktoba 1940 ndege za Waitaliano, wakitokea Somalia, ziliangusha mabomu Malindi. Ndiyo, Malindi hii hii. Tsawe alisema siku ile ndipo alipojua kwamba ugomvi wa wazungu unaweza kukufuata mpaka kwenye mnazi wako.

Baba yake hakumsemesha tangu siku aliyoandikishwa mpaka siku aliyoondoka. Asubuhi ya kuondoka alimpa mkoba wa mahindi ya kuchoma, akamgeuzia mgongo. Tsawe alisimulia jambo hilo mara nyingi kuliko alivyowahi kusimulia vita.

Kutoka Kenya peke yake walikwenda karibu watu 100,000 katika vita vile, na Afrika Mashariki nzima ni zaidi ya 300,000. Wengine walipigana Somalia na Ethiopia, wengine Madagaska. Tsawe alipanda meli Kilindini mwaka 1943 kwenda Seiloni, ndiyo Sri Lanka ya leo, akiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Begani walivaa alama ya kichwa cha kifaru. Wakiwa huko ndipo habari ya Khedive Ismail ilipowafikia. Meli hiyo iliondoka Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944 ikiwapeleka wenzao Colombo, na tarehe 12 nyambizi ya Kijapani ikaizamisha karibu na Maldivi. Ilizama kwa takribani dakika mbili. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Mimi nilizaliwa pwani, nikasoma pwani, na habari ya meli hii sikufundishwa darasani hata siku moja. Nilimsikia Tsawe akiitaja "meli ya watoto," kwa sababu wengi waliokuwemo walikuwa vijana kama yeye.

Katikati ya 1944 wakapelekwa Bama. Ukiangalia ramani, kuna bonde linaitwa Kabaw, mpakani mwa India na Burma. Wanajeshi waliliita bonde la mauti, na Mjapani alikuwa sababu moja tu kati ya nyingi. Divisheni ya Tsawe iliamriwa kuwafukuza Wajapani kulifuata bonde hilo katikati ya masika ya huko, mvua isiyokatika miezi. Barabara ziligeuka matope, magari yakakwama, chakula kikawa kinaangushwa na ndege. Malaria iliwaangusha watu kushinda risasi. Walimezeshwa dawa iliyowageuza ngozi na macho kuwa ya manjano. Tarehe 2 Desemba 1944 wakauingia mji wa Kalewa, na siku chache baadaye mainjinia wakaweka daraja la kuelea lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100 kwenye mto Chindwin. Jeshi likavuka kwenda kuikomboa Burma.

Hayo ni ya vitabuni. Ya Tsawe yalikuwa mafupi. "Mjapani nilimwona mara chache. Matope niliyaona kila siku." Na ruba. Alikuwa akionyesha mguuni pale ruba walipomnyonya mpaka kidonda kikaingia usaha. Kuhusu kuua hakusema, na sisi hatukuthubutu kuuliza. Jambo moja tu alilirudia: kuna rafiki yake Mkamba aliyefia mikononi mwake kwa homa, akiomba maji ya kwao. "Maji yalikuwa yamejaa kila mahali," Tsawe alisema, "lakini yeye alitaka ya kwao."

Alirudi 1946. Na hapa, ndugu zangu, ndipo panaponiuma.

Mwisho wa vita Uingereza iliwalipa askari wake kiinua mgongo kwa kila mwezi waliotumika. Mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi kwenye makoloni alihesabiwa shilingi 10 kwa mwezi. Mwafrika wa cheo kile kile, matope yale yale, ruba wale wale, alihesabiwa shilingi 3.50. Hesabu hizo zilikaa kwenye makaratasi miaka mingi, na mwaka 2019 ndipo waandishi wa habari wakazianika. Tsawe alikuwa ameshafariki. Wanajeshi wa kizungu walipewa pia mpango wa kupata mashamba Kenya. Tsawe alirudi akakuta kipande kinamngoja.

Akaoa, akahamia upande wa Gongoni, karibu na bahari, akaanza kupanda minazi na mikorosho. Ardhi ile haikuwa na hati kwa jina lake na haijawahi kuwa nayo. Sheria ya ardhi ya mwaka 1908 iliwapa watu wa ukanda wa maili kumi nafasi ya kuandikisha mashamba yao, lakini Wamijikenda wengi wakaachwa nje, wakaamka wakijikuta maskwota kwenye ardhi waliyolima. Tsawe alijua. Alipanda tu. Alisema mkorosho hauulizi hati.

Huko ndiko alikolea watoto tisa. Nataka hapa muelewe ni mtu wa namna gani, kwa sababu "mkongwe wa vita" inasikika kama sanamu, na Tsawe hakuwa sanamu. Aliamka kabla ya adhana ya kwanza ya msikiti wa jirani, akakunja blanketi lake mraba kama wa jeshini. Alikunywa chai ya mkandaa, chungu, bila sukari. Kusoma na kuandika alijifunza jeshini, na jioni aliwafundisha watoto wake herufi kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo, wa kike na wa kiume sawa, wakati ambapo majirani walimcheka kwa kupoteza mkaa kwa wasichana. Shangazi yule wa piko alijifunzia hapo. Leo ni mwalimu mstaafu.

Na medali yake? Watu walituuliza sana kwenye matanga. Alikuwa na nyota ya Bama, ya shaba. Miaka ya sabini mtoto wake wa nne aliitwa sekondari na ada haikuwepo. Tsawe akashuka Malindi na medali mfukoni, akamuuzia mtalii. Bibi alilia. Tsawe akamwambia shaba haijui kusoma, mtoto anajua. Baadaye tukiwa wadogo tulimuuliza kama hajuti, akasema medali ilimpigania mara mbili.

Tena aliyemuuzia alikuwa Mtaliano! Hapo ndipo alipokuwa akicheka mpaka akohoe. Si unajua Malindi yetu: waliotupiga mabomu 1940 walirudi na hoteli na pizza. Ngomeni, hatua chache kutoka kwake, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, na Aprili 1967 wakarusha setilaiti kutoka pale. Tsawe alitoka nje na watoto wake kutazama moshi. Alisema mara ya kwanza Waitaliano walileta moto ukashuka, mara ya pili wakaleta moto ukapanda, kwa hiyo labda binadamu hujifunza. Wajukuu zake wawili walifanya kazi kwenye hoteli, na mzee wa Keya akawa anaitikia "ciao" kwa sauti ya kijeshi.

Sasa turudi kwenye kile kiti cha plastiki.

Mwaka 2013 mtoto wa jirani aliugua, akafa. Kifo cha mtoto kinauma, na uchungu hutafuta mtu. Minong'ono ikaanza. Mbona mzee huyu hafi? Wenzake wote wamekwenda, yeye yuko. Anakula miaka ya nani? Vijana wa bodaboda, ambao baadhi aliwafundisha kuhesabu, wakaacha kumsalimia. Usiku mmoja mawe yakaanguka kwenye mabati. Asubuhi tukakuta karatasi mlangoni, imeandikwa kwa mwandiko mzuri tu wa shule, ikimpa siku saba.

Mtu wa nje anaweza kudhani natia chumvi. Mtu wa Kilifi anajua sitii. Wazee wanauawa kwetu kwa tuhuma za uchawi, kwa mapanga, wakati mwingine na damu yao wenyewe. Ganze kuna Kaya Godoma, mahali ambapo wazee waliotimuliwa kwao wanapewa hifadhi. Hebu fikiria: kaya, ambayo zamani ilitukinga na maadui wa nje, leo inawakinga wazee na watoto wao. Na ukichunguza, mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba. Mzee akitoka, mikorosho inabaki. Ardhi isiyo na hati ulinzi wake ni mzee anayekumbuka nani alipanda nini na mwaka gani. Ukimwondoa huyo, umechana hati pekee iliyokuwepo.

Familia ikakaa kikao. Tsawe akahamishiwa kwa shangazi, Malindi mjini. Na kwa sababu hata mjini watu wanatazama, shangazi akanunua piko. Tsawe hakubisha. Aliketi, akavaa taulo. Alipomaliza kupakwa aliomba kioo, akajitazama, akasema: "Bama hatukujipaka rangi ya kujificha. Nimekuja kupakwa nyumbani."

Hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana nawaambia jambo hili bila kuogopa kuchukiwa: Mekatilili wa Menza angekuwa hai leo, tungempa siku saba. Mwanamke mjane, mwenye umri, anayelisha watu kiapo, anayecheza ngoma akikusanya umati, anayeongea kwa ukali mbele ya wanaume? Karatasi ingekuwa mlangoni kabla ya jua kutua. Tunampenda kwa sababu amekuwa sanamu pale Malindi. Sanamu haina shamba la kurithiwa.

Na msiniambie haya ni mila yetu. Mila yetu ni kigango. Mgiriama wa chama cha Gohu akifa, anachongewa mti, unasimamishwa bomani, unavalishwa, unaambiwa habari za nyumba. Mababu zetu waliona kumsahau mzee ni hatari. Wakaja wezi, wakaving'oa vigango, wakaviuza mpaka kwenye makumbusho ya Marekani, na tangu 2007 vingine vimeanza kurudishwa. Tulipiga kelele, na tulikuwa na haki. Lakini mbona kelele ni kwa mti uliochongwa kwa ajili ya mzee, na kwa mzee mwenyewe tuko kimya?

Serikali za nje nazo zina deni lao. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba katika Vita vya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, pengine mpaka 350,000, waliokufa wakitumikia Uingereza hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao walikuwa Waafrika. Wapagazi wa Karia Ko, ambao waliacha jina lao kwenye mitaa ya Nairobi na Dar es Salaam, walizikwa bila jina lao wenyewe. Wadaiwe, sawa. Mimi nitadai pia. Ila siwezi kumdai Mwingereza orodha ya majina huku mimi nimeshindwa kuandika jina la rafiki wa Tsawe aliyefia Kabaw.

Manake hilo ndilo kosa langu. Mwaka 2015 nilimrekodi Tsawe kwa simu, dakika arobaini na kitu. Alitaja majina: ya yule Mkamba, ya sajini wake, ya kijiji walichokaa Seiloni. Nilisema nitahamisha kwenye kompyuta wikendi. Simu ikaibiwa kwenye matatu kabla ya wikendi. Nikasema nitamrekodi tena Krismasi. Krismasi alikuwa hasikii vizuri, nikasema Pasaka.

Tsawe alifariki mwaka 2016, Februari, usingizini. Wiki zake za mwisho hakuna aliyekumbuka piko, na tulipokwenda kumwosha kichwa kilikuwa cheupe chote. Tulimrudisha Gongoni, tukamzika chini ya mkorosho wake wa kwanza. Hakukuwa na bendera wala tarumbeta. Mgeni mmoja alishika kipaza sauti akaongea siasa nusu saa. Wale vijana wa bodaboda walikuja pia, wakashika majembe, wakafukia. Mmoja alikuwa analia. Sijui kama ndiye aliyeandika ile karatasi, na nimeamua kutouliza.

Kaburi liko pale. Siku mtu akija na hati ya ardhi ile, atatukuta tumeketi juu yake.

Sasa wewe unayesoma. Kama una mzee nyumbani, usimuulize "hebu nipe historia." Hatajua aanzie wapi. Muulize mambo madogo. Ulipanda meli gani? Nani alikuwa anapika? Mama yako alikupa nini siku uliyoondoka? Mti huu aliupanda nani? Mwenzako aliyekufa aliitwa nani? Rekodi, halafu usiku huo huo tuma kwa watu watatu. Usingoje Pasaka.

Na ukisikia mnong'ono unaanza mtaani kwamba mzee fulani ameishi sana, usinyamaze. Nenda ukaketi naye barazani, mchana kweupe, kila mtu akuone.